UZI: Slava Fetisov, beki wa Kirusi aliyekataa kutoroka akadai aondoke kwa mlango wa mbele

Beki wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jukwaa hili tunashinda kwenye mpira wa miguu, lakini leo naomba niwapeleke kwenye hoki ya barafuni. Kuna beki mmoja wa Urusi ambaye nimemfuatilia kwa muda mrefu na sijaona mtu akimwandika kwa Kiswahili kwa urefu anaostahili. Anaitwa Viacheslav Fetisov, maarufu kama Slava. Alizaliwa Moscow tarehe 20 Aprili 1958, akakulia ndani ya klabu ya jeshi, CSKA, akawa nahodha wa klabu na wa timu ya taifa ya Muungano wa Kisovyeti. Kisha akiwa na miaka 31, umri ambao beki wengi wanaanza kuhesabu siku, akahamia Marekani na kuanza moja.

Medali nazitaja upesi maana ni nyingi: Olimpiki fedha 1980, dhahabu 1984 na 1988, ubingwa wa dunia mara 7. Ila sikufungua uzi kwa ajili ya medali. Nimeufungua kwa sababu ya namna alivyoondoka kwao. Wenzake kadhaa waliotaka kwenda Amerika walichomoka kwa siri. Yeye alitaka ruhusa halali, na mkataba wenye jina lake mwenyewe, na alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi wa dola kubwa kudai hivyo vitu. Kwangu mimi hilo linapita medali zote.

Kwa wasioujua mchezo: timu ina watu 6 uwanjani, yaani kipa, mabeki 2 na washambuliaji 3. Hawachezi mpira wa duara, wanacheza paki, kisahani cha raba ngumu kinachoenea kiganjani. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Wachezaji wanabadilishwa kila baada ya dakika moja hivi au chini ya hapo, bila mwamuzi kusimamisha chochote: watano wanatoka, watano wanaingia. Kwa hiyo watano waliozoeana huingia na kutoka pamoja msimu mzima. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Naandika kwa vipande. Maswali ruksa.

Mama Tanga

Nimekaa. Mimi hoki ninayoijua ni ile ya nyasi tuliyocheza shuleni. Hiyo ya barafuni beki anafanya nini cha ajabu hadi aandikiwe uzi?

Beki wa Zamani

Dada yangu, swali zuri. Kabla ya watu kama Fetisov, beki wengi kazi yao ilikuwa kukaa nyuma, kugonga mtu na kuondosha hatari. Fetisov alikuwa anatoka na paki kutoka nyuma ya goli lake, anapita katikati ya uwanja kama kiungo mchezeshaji, anatoa pasi, halafu anaendelea kukimbia hadi anatokea kwenye goli la wapinzani. Akipanda, mshambuliaji mmoja anashuka kuziba nafasi yake bila kuambiwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoki ya Kisovyeti. Aliyeijenga ni kocha Anatoly Tarasov, mtu aliyependa pasi kuliko mashuti. Paki haitupwi ovyo. Kama mbele hakuna njia, unarudi nyuma, unazunguka, unaanza tena. Kutoka 1977 timu zote mbili, CSKA na taifa, zikawa chini ya Viktor Tikhonov. Huyu alibaki na mfumo wa pasi ila akaongeza chuma.

Miaka ya 80 CSKA ikawa na watano ambao wengi wanasema hawajapata kutokea kama wao: Fetisov na Alexei Kasatonov nyuma, mbele Vladimir Krutov, Igor Larionov na Sergei Makarov. Fainali ya Kombe la Kanada 1981, pale Montreal, mbele ya Wakanada wenyewe, Wasovyeti walishinda 8–1. Kanada, wenye mchezo wao. Nane.

Kocha Mtaani

Mkuu usituruke 1980. Hiyo ndiyo wanayoijua watu, vijana wa vyuo wa Marekani walipowafunga Wasovyeti.

Beki wa Zamani

Siruki mkuu. Lake Placid, tarehe 22 Februari 1980, Marekani 4, Wasovyeti 3. Fetisov alikuwa na miaka 21. Vijana wa Marekani walisawazisha 2–2 ikiwa imebaki sekunde moja kipindi cha kwanza kiishe, na Tikhonov akamtoa kipa wake Vladislav Tretiak, kipa bora wa zama zake. Uamuzi huo umejadiliwa hadi leo, na mimi nasema ulikuwa kosa. Mike Eruzione akafunga la 4 zikiwa zimebaki dakika 10.

Ila angalia kilichofuata. Baada ya aibu ile Tikhonov alikaza kambi. Wachezaji waliishi Arkhangelskoye, nje kidogo ya Moscow, karibu mwaka mzima. Mtu ana mke na mtoto mjini, umbali mfupi tu kwa gari, na anawaona kwa ruhusa. Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni, kulala kambini. Matokeo yalikuja kweli, dhahabu 1984 na 1988 zilipatikana. Lakini na chuki ilikua humohumo kambini.

Kuna jambo jingine la kuelewa kuhusu CSKA. Ilikuwa klabu ya jeshi, na kila kijana alikuwa na wajibu wa kutumikia jeshi. Kijana akitokea popote nchini, mwenye kipaji, akifika umri wa kuandikishwa, klabu ilimchukua kirahisi tu: anaitwa jeshini. Na akishaingia anapewa cheo. Fetisov alifika cheo cha meja. Maana yake, mchezaji wa CSKA akitoroka si mchezaji aliyevunja mkataba. Ni ofisa aliyelikimbia jeshi.

Jicho la Tatu

Hapo sasa nimeelewa kwa nini wengi walikaa kimya. Ukitoroka unahukumiwa, na ndugu zako wanabaki na mzigo.

Beki wa Zamani

Ndiyo hivyo mkuu.

Na Slava alikuwa ameshabeba mzigo mwingine. Mwaka 1985 alikuwa akiendesha gari, mdogo wake Anatoly yumo ndani, wakapata ajali. Mdogo mtu akafariki. Anatoly naye alikuwa mchezaji chipukizi wa CSKA. Slava amesema wazi kwamba alitaka kuacha hoki kabisa. Aliendelea. Naomba mkumbuke ajali hii, kwa sababu kuna nyingine inakuja.

Sasa, huku Amerika, timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, zilikuwa zimeshaandika jina lake kwenye orodha zao zamani. Kule wana utaratibu wa kuteua wachezaji wachanga kwa zamu, timu ikikuteua inakuwa na haki ya kukusajili peke yake. Montreal Canadiens walimteua 1978 raundi ya 12, haikuleta kitu. New Jersey Devils wakamteua tena 1983, raundi ya 8. Mchezaji bora wa nafasi yake duniani anateuliwa raundi ya 8! Si kwamba hawakumjua. Hakuna aliyeamini kwamba ataruhusiwa kutoka.

Kocha Mtaani

Na aliruhusiwa vipi? Nasikia Gorbachev alifungua milango.

Beki wa Zamani

Gorbachev alilegeza, ndiyo, lakini mlango wa hoki ulikuwa na kufuli lake. Hapa ndipo nataka nikae.

Fetisov aliahidiwa kwamba baada ya Olimpiki ya Calgary 1988 ataachiwa aende New Jersey. Dhahabu ikapatikana. Ahadi ikayeyuka, Tikhonov alimhitaji. Oktoba 1988 Larionov akafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana: akaandika barua ya wazi kwa kocha wake kwenye jarida la Ogonyok, akaeleza maisha ya kambini na udikteta wa kocha, nchi nzima ikasoma.

Kisha suala likageuka kuwa la pesa. Serikali ilianza kuona wachezaji kama bidhaa ya kuingiza dola. Mpango ulikuwa mchezaji aende, ila mkataba upitie shirika la serikali, Sovintersport, nalo lichukue sehemu kubwa ya mshahara. Fetisov akasema hapana. Anayecheza ni mimi, anayeumia ni mimi, mkataba utakuwa wangu.

Januari 1989 akatangaza gazetini, Moskovsky Komsomolets, kwamba hataki tena kuichezea timu ya Tikhonov. Nahodha wa taifa, meja wa jeshi, mwenye Nishani ya Lenin kifuani, anaandika hivyo ndani ya Moscow akiwa bado anaishi Moscow! Kwa maelezo yake mwenyewe aliitwa kwa Waziri wa Ulinzi, Jenerali Dmitry Yazov, akafokewa na kutishiwa kupelekwa mbali Siberia. Hakubadili kauli. Baada ya hapo mahali pa kufanyia mazoezi hakuna, milango ya viwanja imefungwa, watu aliowajua miaka yote wanamkwepa barabarani.

Nafasi za kutoroka alikuwa nazo, na nyingi. Timu ilikuwa inasafiri Amerika na Ulaya kila mwaka. Angeingia kwenye gari moja tu nje ya hoteli, basi. Amesimulia mara nyingi kwamba hakutaka, kwa sababu hakuwa amefanya kosa lolote la kumfanya akimbie.

Mama Tanga

Na wale wenzake wanne? Walimwacha?

Beki wa Zamani

Wanne hawakufanana, dada.

Masika ya 1989 kulikuwa na ubingwa wa dunia Stockholm. Larionov, Makarov, Krutov na wachezaji wengine wakatokea kwenye televisheni wakasema kama Fetisov hayumo kikosini, nao hawaendi. Televisheni ya taifa! Wakuu wa hoki wakanywea. Fetisov akarudishwa, akaenda, akashinda dhahabu, na akachaguliwa beki bora wa mashindano baada ya miezi ya kukosa timu.

Kasatonov hakusimama naye. Hao walicheza pamoja nyuma tangu ujana, walikuwa marafiki wa kuaminiana. Aliegemea kwa Tikhonov. Urafiki ukafa hapo.

Na mashindano yale yale ya Stockholm yalipoisha, kijana wa miaka 20, Alexander Mogilny, hakurudi na timu nyumbani. Watu wa Buffalo Sabres, timu ya NHL, walimfuata, akapanda nao ndege. Kwao akahesabiwa mtoro wa jeshi. Mwaka uliofuata, Julai 1990, Sergei Fedorov akawaacha wenzake Portland, Oregon, akaenda Detroit. Siwalaumu hata kidogo, walikuwa vijana na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Nataka tu muone tofauti.

Kiangazi cha 1989 ruhusa ikatoka. Larionov na Krutov wakaenda Vancouver, Makarov Calgary, Fetisov New Jersey. Kwa haki lazima nimtaje Sergei Pryakhin, aliyeruhusiwa kujiunga na Calgary Machi 1989, wa kwanza kabisa kwa ruhusa rasmi. Lakini Pryakhin hakuwa nguzo ya timu ya taifa. Kilichovunja kufuli ni nguzo zenyewe kuondoka kwa pamoja, na aliyekuwa ameligonga kufuli hilo mwaka mzima ni Slava.

Simba wa Barafu

Niaje wakubwa, mimi niko Nairobi. Hapa kwetu kuna kiwanja cha barafu pale Panari, Mombasa Road, na timu ya Kenya Ice Lions inafanyia mazoezi hapo. Kiwanja ni kidogo kuliko cha kawaida. Nimejaribu kuvaa vile viatu. Kifundo cha mguu kinatetemeka, na kugeuka ukiwa unaenda kinyumenyume, kile beki anafanya kila dakika, ni kitu kingine kabisa. Swali: saizi ya kiwanja ilimsumbua Fetisov Amerika? Nasikia si sawa na cha Ulaya.

Beki wa Zamani

Ndugu yangu wa Nairobi, umegusa mfupa wenyewe.

Kiwanja alichokulia kina urefu wa mita 60 na upana wa 30. Cha NHL urefu ni karibu sawa, mita 61, ila upana ni mita 26 tu. Mita 4 zimetoweka, na zote zimetoka pembeni, mahali ambapo Msovyeti alikuwa anapumulia. Kule mtu anakufikia kabla hujainua kichwa. Na mchezo wao wakati ule ulikuwa wa kutupa paki kwenye kona ya wapinzani, kuikimbilia na kumgonga aliyeifikia kwanza. Fetisov aliona ni kichaa. Umepigana kupata paki, halafu unaitupa?

New Jersey alikuwa anatoa pasi kwenye nafasi tupu, mahali ambapo Larionov angekuwa ameshafika. Paki inapita, hakuna mtu, wapinzani wanaichukua. Majukwaani wanasema Mrusi amekosea. Vita baridi ilikuwa haijaisha vichwani mwa watu. Kulikuwa na wapinzani waliotaka kumgonga kwa sababu tu ni Mrusi, na hata ndani ya vyumba vya timu za NHL kulikuwa na walioona Warusi wamekuja kuchukua ajira zao. Lugha hajui vizuri. Miaka 31, mwili umeshatumika.

Halafu katikati ya msimu huohuo Devils wakamleta nani? Kasatonov. Wakati Fetisov hamsemeshi! Wakavaa jezi moja tena, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, kimya.

Watu wanaosema Fetisov alifeli NHL wanatazama miaka hii ya New Jersey. Hawakumwona kwenye ubora wake. Kama angeruhusiwa alipoteuliwa na Montreal akiwa na miaka 20, leo tungekuwa tunabishana kama Bobby Orr, beki wa Kanada ambaye wengi humhesabu bora wa NHL, ana mwenzake. Naamini hivyo na sirudi nyuma. Wenzake wengine nao walikutana na mambo tofauti: Krutov alidumu msimu mmoja tu Vancouver. Makarov akachukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza NHL 1990 akiwa na miaka 31, na ligi ikabadilisha kanuni ili mwenye zaidi ya miaka 26 asiipate tena.

Jicho la Tatu

Kumbe ile kanuni chanzo chake ni Makarov! Endelea mkuu, Detroit tunaisubiri.

Beki wa Zamani

Tarehe 3 Aprili 1995, Devils wakamwachia Detroit Red Wings kwa thamani ya nafasi moja ya uteuzi raundi ya 3. Ilikuwa imebaki wiki chache afikishe miaka 37. Msimu huo huo Devils wakachukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, bila yeye. Fikiria unaondoka Aprili, wenzako wanabeba kombe Juni. Na waliyemfunga kwenye fainali ni Detroit, yaani Slava yuko upande wa waliopoteza.

Kocha wa Detroit alikuwa Scotty Bowman, mtu mwenye jicho. Alikuwa tayari na Warusi 4: Fedorov, Vyacheslav Kozlov, Vladimir Konstantinov na sasa Fetisov. Oktoba 1995 akamchukua Larionov kutoka San Jose. Siku chache baadaye, tarehe 27 Oktoba 1995, wakiwa ugenini Calgary, akawaweka wote watano uwanjani kwa wakati mmoja. Detroit ikashinda 3–0.

Kilichotokea pale wengi wa Amerika Kaskazini walikuwa hawajakiona nyumbani kwao wiki hadi wiki. Fetisov anachukua paki nyuma, hatupi mbele. Anarudisha nyuma zaidi kwa Konstantinov. Fedorov anakata kulia kwenda kushoto, Kozlov anapita nyuma yake, Larionov anasubiri katikati, mpinzani hajui amkabe nani, kisha pasi inaenda kwenye ile nafasi tupu, na safari hii mtu yupo. Miaka 6 pasi ile ilikuwa inakosa wa kuipokea. Bowman hakuwafundisha kitu, alichofanya ni kutoingilia.

Msimu wa 1995–96 Detroit ilishinda mechi 62, rekodi ya ligi kwa wakati ule, na Fetisov akamaliza na pointi 42, mabao na pasi za mabao kwa jumla. Colorado wakawatoa kabla ya fainali. Mwaka uliofuata hakuna aliyewazuia: Juni 1997 waliwafagia Philadelphia Flyers mechi 4 kwa 0, Detroit ikapata kombe la kwanza tangu 1955.

Desturi ni kwamba nahodha analipokea kombe, analizungusha, halafu anamkabidhi anayemteua. Nahodha Steve Yzerman alimpa Fetisov. Fetisov hakuzunguka peke yake. Alimwita Larionov, yule wa barua ya Ogonyok, wakalibeba wawili, kila mmoja ameshika upande wake.

Mlimani Michigan

Jambo wote. Mimi natoka Bukavu, naishi Michigan, na nimesoma uzi huu nikitulia kabisa kwa sababu huku hiyo timu ni kama dini. Niliyokuta hapa: jezi namba 16, ya Konstantinov, bado watu wanaivaa, wazee kwa watoto. Timu haimpi mtu mwingine ile namba. Nilipouliza kazini kwa nini, mzee mmoja alinieleza habari ya Woodward Avenue na alishindwa kumaliza. Ile barabara naipita mara kwa mara. Ni pana, njia nyingi, katikati kuna miti. Mleta uzi, ieleze wewe.

Beki wa Zamani

Asante ndugu wa Bukavu. Naieleza.

Tarehe 13 Juni 1997, siku 6 baada ya kombe. Wachezaji walikuwa wametoka kwenye tafrija ya gofu, na kwa kuwa ni watu wazima wenye akili walikodi limuzini ili mtu asiendeshe akiwa amekunywa. Fetisov, Konstantinov na mchua misuli wa timu, Sergei Mnatsakanov, wakapanda gari moja. Dereva aliyeletwa leseni yake ilikuwa imefungiwa. Kwenye Woodward, eneo la Birmingham, gari likaacha njia, likavuka na kugonga mti.

Konstantinov, aliyekuwa ametoka kushika nafasi ya pili kwenye kura za beki bora wa ligi, aliumia ubongo, akakaa hajitambui kwa wiki kadhaa, na hakucheza tena. Mnatsakanov naye aliumia kichwa vibaya na kupooza. Fetisov aliumia kifua na mapafu, akatoka hospitali.

Ile ya 1985 alikuwa kwenye usukani, mdogo wake akafa. Hii ya 1997 amekaa nyuma, ameepuka usukani kwa makusudi, na mwenza wake wa safu ya ulinzi anaharibika mbele yake. Mimi ningeelewa kabisa kama angeacha hoki wiki ileile. Agosti alikuwa Moscow pamoja na Larionov na Kozlov, wamelipeleka Kombe la Stanley Urusi kwa mara ya kwanza katika historia, hadi Uwanja Mwekundu. Kisha akarudi Detroit kucheza msimu mzima mwingine, timu nzima imevaa kiraka chenye neno “Amini” kwa Kiingereza na Kirusi. Wakawafagia Washington Capitals 4 kwa 0. Safari hii Yzerman alilipeleka kombe moja kwa moja kwa Konstantinov, kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya barafu. Fetisov, miaka 40, akastaafu akiwa na mechi 546 za NHL, mabao 36 na pasi za mabao 192.

Mama Tanga

Nimelia jamani. Hapo kwa Konstantinov nimeshindwa.

Kocha Mtaani

Baada ya kustaafu alirudi kwao au alibaki?

Beki wa Zamani

Alibaki kwanza. Akawa kocha msaidizi wa Devils, walewale, na 2000 wakachukua kombe. Mwaka 2001 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Hoki kule Toronto. Mwaka 2002 aliiongoza Urusi Olimpiki ya Salt Lake City, shaba. Mwaka huohuo akarudi nyumbani kuongoza wakala wa serikali wa michezo hadi 2008. Na Desemba 2009, akiwa na miaka 51, alivaa jezi ya CSKA akacheza mechi moja ya ligi kwa sababu timu ilikuwa na majeruhi. Miaka 51!

Jicho la Tatu

Mkuu, uzi mzuri sana ila nakuomba usituachie nusu. Fetisov wa leo ni mbunge wa Duma, bunge la Urusi, wa chama tawala tangu 2016. Na aliwahi kutetea hadharani vijana wa Urusi wasiruhusiwe kwenda NHL hadi wafikishe miaka 28. Yuleyule aliyepigana na Yazov! Unalielezaje hilo?

Beki wa Zamani

Silielezi kwa kulipamba, mkuu. Hapo nampinga moja kwa moja.

Hoja yake ni kwamba ligi ya nyumbani inavuja vijana kabla hawajaiva, wengine wanakwenda kuozea kwenye ligi za chini za Amerika. Kuna ukweli ndani yake. Lakini dawa anayoitaja ni ileile aliyonyweshwa yeye. Aliteuliwa na Montreal akiwa na miaka 20, akafika Amerika na 31. Miaka 11 hiyo hakuna mtu aliye hai anayejua thamani yake kumzidi yeye. Krutov aliondoka na miaka 29, mwaka mmoja tu juu ya hiyo 28, na tuliona mwili ulivyokuwa umekwisha. Kama mwaka 1989 ulisema mkataba ni wa mchezaji, basi ni wa mchezaji hata kama ana miaka 19.

Kocha Mtaani

Naomba nitofautiane kidogo. Klabu inayomlea mtoto tangu ana miaka 6, barafu, vifaa, makocha, ikimpoteza bure akiwa na 19 itaishije? Kwenye mpira wa miguu FIFA angalau ina fidia ya malezi.

Beki wa Zamani

Hapo tunakubaliana mkuu, na ndiyo njia ningependa Fetisov aisimamie kwa jina alilonalo. Urusi na NHL hazina makubaliano ya uhamisho tangu 2005. Pande hizi mbili ziliafikiana kuheshimu mikataba iliyopo, basi, hakuna fidia. Kijana akimaliza mkataba anaondoka na klabu iliyomlea inabaki mikono mitupu. Fidia ya malezi ingeziba pengo hilo bila kumfungia mtu kambini. Ukiwa na mfano wa jinsi nchi nyingine za Ulaya zinavyogawana pesa za fidia na klabu za chini, uweke hapa tuuchambue.